Gari Lililotoa Povu

Hivi wewe unayenisoma, umewahi kuosha gari likaanza kutoa povu kabla hujalitia sabuni?

Mimi nimewahi. Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, mbele ya fundi mmoja na paka wa gereji, na hadi leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche moyo unanilipuka.

Ngoja nikushike mkono nikurudishe nyuma kidogo, maana wapo ambao ndio kwanza wanafungua gazeti. Mimi ni bibi wa wajukuu saba, fundi cherehani tangu usichana wangu. Gari langu dogo la rangi ya kahawa nililipata kwa kushona sare za shule, kola kwa kola, kifungo kwa kifungo. Kwa mwendo wake, watoto wa mtaani wamelipa jina la Kobe.

Katika sehemu ya kwanza nilikueleza jinsi miche yangu mitatu ya sabuni ilivyopotea uani, nikamnunia jirani, salamu zikakatika. Nikajisifu pia kwamba Mzee wangu uzeeni kawa na mapenzi mapya: anamwosha Kobe yeye mwenyewe kila Jumamosi, mimi nisishike hata kitambaa. Kisha likaja lile lori la magodoro, likarudi kinyumenyume pale njia panda, likamkalia Kobe usoni. Watu walinicheka. "Bibi, umegongwa na magodoro, si ungelala tu!" Nikavumilia. Kampuni ya bima ikatuma mkaguzi, akapiga picha, akaandika: bampa la mbele, taa mbili, boneti. Kobe akaenda gereji, nami nikarudi kwenye cherehani yangu nikidhani mambo yamekwisha.

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa fundi wa gari, ambaye sote tunamwita Taratibu. Huyu ni mtu ambaye hata akipiga chafya huanza kwa kutafuta mahali pa kuegemea.

"Mama, nimefungua bampa."

"Hongera."

"Si hongera, mama. Ndani kuna mambo."

Nikakaa chini. Uzi ulikuwa mdomoni, nikautema.

"Mambo gani?"

"Rejeta imesukumwa mpaka imekumbatia injini. Na kile chuma kilichokingama, kinachoishika rejeta, kimepasuka. Haya hayamo kwenye karatasi ya mkaguzi."

"Si alikuja akaangalia?"

"Aliangalia kwa nje. Bampa lilikuwa limefunika. Hata daktari haoni utumbo kwa kukutazama shati."

"Basi tengeneza."

"Nikigusa tu, tumekwisha." Akavuta pumzi, nikajua hotuba inakuja. "Huu unaitwa uharibifu wa ziada, mama. Ukionekana, nasimamisha kazi. Kila kitu nakiacha kilipo. Napiga picha, naandika orodha, mkaguzi anarudi kuona kwa macho yake. Akikubali anaongeza kwenye karatasi, ndipo nashika spana. Nikitengeneza kabla hajaona, bima watasema hakukuwa na kitu."

"Anakuja lini?"

"Jumatano saa nne. Na mama, nakuomba sana. Usiguse chochote."

"Kwani mimi huwa nagusa nini?"

Akasema kwa upole, "Mara ya mwisho ulinipangia spana zangu kwa urefu. Nilizitafuta siku mbili."

Nikamwambia kwaheri.

Sijaweka simu mezani, ikalia tena. Mwanangu wa kwanza. Huyu hajawahi kusimamia kitu chochote duniani isipokuwa sisi wazazi wake, ndiyo maana nyumbani tunamwita Meneja.

"Mama, nimesikia. Fundi alinipigia mimi kwanza. Nimeshampata mtu wa vyuma chakavu. Ijumaa anakuja na gari la kuvuta."

"Kumvuta nani?"

"Kobe, mama. Bima wakikataa hayo ya ziada utatengeneza kwa pesa gani? Mimi sina, wadogo zangu hawana. Litakaa pale gereji mpaka kuku watage mayai humo."

"Na wakikubali?"

"Wakikubali, sitamtaja tena Kobe mpaka naingia kaburini."

"Unaapa?"

"Naapa, mama."

Basi ikawa hivyo. Jumatano mkaguzi akubali, au Ijumaa Kobe wangu akatwekatwe akauzwe kwa uzito, kama vitunguu.

Mzee wangu alikuwa pembeni anafungua redio yake kwa bisibisi. Nikueleze kidogo habari zake, maana utamhitaji. Ni mtu mpole. Hajui kuendesha gari. Kwa miaka kumi na moja tangu nimpate Kobe, tukitoka, mimi nashika usukani, yeye anakaa pembeni, nampa mkoba wangu, anaupakata. Nikikata kona anaukamata kwa mikono miwili kana kwamba mkoba ndio unaotuendesha. Siku moja, zamani, aliweka mkono kwenye gia akaigusagusa. Nikamchapa kikofi cha utani. "Shika mkoba!" Tukacheka wote wawili. Au nilidhani tumecheka wote wawili.

"Jumatano nitawahi gereji," nikamwambia. "Nimwoshe Kobe kabla mkaguzi hajafika."

Bisibisi ikamponyoka.

"Kumwosha? Fundi si kakataza?"

"Kakataza mbele. Nyuma hakutaja."

"Nyuma ni safi. Niliosha mimi."

"Baba watoto, gari limekaa gereji siku sita. Lina vumbi."

"Vumbi nalo ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

Akafikiri. Nilimwona kabisa anafikiri, nyusi zinapanda na kushuka.

"Wa vumbi," akasema.

Nikampuuza. Na hapa nakiri kosa langu la kwanza. Nilipoambiwa usiguse, nilisikia. Nilielewa. Lakini mgeni anakuja kuangalia kitu changu, na mimi nimkaribishe kwenye uchafu? Sikulelewa hivyo. Mama yangu alikuwa akisikia mgeni yuko njiani, anafagia hata chini ya mbwa.

Jumatano nikatoka na ndoo, sponji na kitambaa. Ajabu, Mzee akanifuata. Hakuitwa. Akaubeba mkoba wangu bila kuambiwa, akatembea hatua tatu nyuma yangu njia nzima.

Gereji ya Taratibu ni banda la mabati lenye sakafu nyeusi kwa mafuta. Kobe alikuwa katikati, mdomo wazi, bampa limewekwa pembeni juu ya magunia, kila kitu kilipo kama alivyoahidi. Mzee akakaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, kilichoegemezwa ukutani. Akaupakata mkoba.

"Mama," akasema Taratibu akiona ndoo.

"Nyuma tu."

"Mama."

"Fundi, mbele sisogei. Nyuma tu, dakika mbili."

Akanigeukia polepole, akatazama dari, akaondoka. Nikaenda mgahawa wa jirani nikaomba maji ya moto, nikajaza ndoo, nikarudi. Sabuni yangu ilikuwa bado mfukoni, kwenye karatasi yake. Nikamimina kopo la kwanza kwenye kona ya nyuma, nikapitisha sponji.

Povu.

Nikatazama sponji. Nikatazama mfuko. Sabuni imo. Nikamimina kopo la pili. Povu likazidi, jeupe, zito, linashuka kwenye gurudumu kama maziwa yaliyochemka yakaachwa. Nikafuta kwa kitambaa, kitambaa kikawa cha kahawia. Kobe wangu anachuja rangi kama khanga za mnada!

"Mama watoto, inatosha," Mzee akasema kutoka kwenye kiti chake. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Bado."

Nikasugua kwa nguvu zangu zote za fundi cherehani. Kitu kikateleza chini ya vidole, kikaanguka sakafuni, tap. Donge la njano, ukubwa wa yai. Likafuata la pili. Na pale palipokuwa na kona nzuri ya mviringo, pakabaki bonde. Bonde la kuingia sufuria ndogo, na katikati yake mchirizi wa rangi ya buluu.

Taratibu akatokea.

"Mama! Umelifanya nini?"

"Nimeliosha!"

"Umeliosha kwa nyundo?"

Sikupata muda wa kujibu. Mlangoni palikuwa na binti mrefu mwenye viatu vya kufunga na kishkwambi kifuani. Mkaguzi. Kafika mapema, maana siku zangu za mkosi huwa hazichelewi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikaficha mikono yenye povu nyuma ya gauni.

Akaanza mbele, na mbele mambo yalikwenda vizuri mno. Akainama na tochi, akaingiza kichwa chote mdomoni mwa Kobe. Akasoma orodha ya Taratibu, akalinganisha na picha zake, kimoja kimoja.

"Rejeta, sawa. Hiki chuma cha kukingama, naona." Akaniita. "Bibi, tazama hapa palipopasuka. Unaona panavyong'aa? Huu ni mpasuko mpya. Ungekuwa wa zamani ungekuwa na kutu. Huu ni wa ajali yako, hauna ubishi."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Nakubali. Fundi, umefanya vizuri kutogusa."

Taratibu akatabasamu, jambo linalomchukua muda. Mimi moyoni nilikuwa nimeshampigia Meneja simu na kumkumbusha kiapo chake.

"Nimalizie tu pembe nne," mkaguzi akasema. "Utaratibu wetu kila tukirudi."

Akazunguka. Nikasikia hatua zake, moja, mbili, tatu. Zikasimama.

Akainua kishkwambi, akatafuta picha, akatazama Kobe, akatazama picha.

"Siku nane zilizopita kona hii ilikuwa nzima. Nilipiga picha mwenyewe." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya ofisini. "Leo imebonyea. Gari lilikuwa wapi siku hizi zote?"

"Hapa," akasema Taratibu.

"Basi limebonyezwa hapa."

"Dada mkaguzi, wallahi sijaligusa nyuma! Hata kwenye orodha yangu halimo!"

"Fundi, mimi kazi hii nimeianza jana? Mbele kinapatikana cha ziada, na nyuma kinazaliwa cha ziada."

Akaanza kuandika. Alipoandika alisema kwa sauti, kama wanavyofanya watu waungwana wanaotaka usikie unavyohukumiwa. Kwamba uharibifu umeongezwa gereji. Kwamba faili zima linarudi ofisini, la nyuma na la mbele, hakuna kinachokubaliwa. Kwamba gereji hii iondolewe kwenye orodha ya gereji za bima.

Tangu nimjue Taratibu sijawahi kumwona akifanya kitu haraka. Siku hiyo alikaa chini haraka. Alikaa juu ya gurudumu, kofia mkononi. Kwake yeye, kufutwa kwenye ile orodha ni kufunga banda.

Mkaguzi akamwona. Ana moyo, yule binti. Akasimamisha kidole.

"Labda," akasema, "labda kuna mtu anajua hili lilitoka wapi. Kama ni la zamani, kabla ya ajali, naliandika pembeni: la zamani, halilipwi. Mbele kunaendelea na fundi habughudhiwi. Lakini mtu aseme. Na maelezo yaingie akilini."

Paka akalamba povu, akajuta.

Nikaangalia ule mchirizi wa buluu. Sasa sikiliza. Buluu hiyo niliichanganya mimi. Ilibaki rangi ya mlango wa jikoni, nikaongeza nyeupe kidogo ili itoshe, nikapaka nguzo ya lango letu. Haiuzwi popote. Ipo pale nyumbani tu, na sasa ipo mgongoni mwa Kobe.

Akili yangu ikaanza kushona. Nguzo yetu. Miche mitatu ya sabuni. Kopo la rangi ya viatu ya kahawia niliyoiona imekwisha nikashangaa, maana nyumbani kwetu Mzee anavaa ndala, na viatu vyake vya harusi za watu ni vyeusi. Kuosha gari kila Jumamosi, kwa maji baridi, mimi nisisogee. Vumbi ni ushahidi wa vumbi! Na jirani yangu wa watu, nimemnunia mwezi mzima kwa sabuni ambayo haikutoka nje ya familia.

Nakiri kosa la pili. Kwa muda wa pumzi tatu nilifikiri kunyamaza. Kumwaibisha mume wangu mbele ya binti wa kazini, mbele ya fundi, uzeeni? Nilimtazama Taratibu anazungusha kofia yake. Nikamtazama Kobe, mdomo wazi. Nikashindwa kuchagua.

Nikageuka.

"Baba watoto," nikasema. "Hebu nipe mkoba."

Alikuwa ameukumbatia. Nikanyoosha mkono wenye povu. Hakuuachia.

Badala yake akasimama nao.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini, babu?" mkaguzi akauliza.

"Hiyo kona. Niligonga nguzo ya lango letu. Ilikuwa Alhamisi, mwenzangu yuko kwenye kikundi chake cha ushonaji. Wiki mbili nzima kabla ya lori la magodoro."

"Lakini picha yangu…"

"Picha yako, mwanangu, ulipiga sabuni."

Binti akamtazama.

"Sabuni?"

"Ya mche. Miche mitatu. Niliipasha moto kidogo ikalainika, nikaishindilia pale, nikaichonga kwa kisu cha mezani. Juu nikapaka rangi ya viatu. Mara nne."

Taratibu akaamka kwenye gurudumu lake, akaokota donge sakafuni, akaligeuza mwangani. Kweli lilikuwa na alama za kisu upande mmoja, na upande mwingine mviringo laini. Akalipeleka kwenye kona, likaingia kama ufunguo kwenye kufuli.

"Mzee," akasema kwa heshima ya fundi kwa fundi, "mviringo umeupata sawasawa."

"Nilitumia kopo la mchele kupima."

Mkaguzi aliuma mdomo. Mabega yalimtikisika mara mbili, akayakamata. Akapiga picha donge, akapiga picha bonde, akapiga picha mchirizi wa buluu. Kisha akawa wa ofisini tena.

"Babu, leseni unayo?"

"Sina."

"Kwa hiyo gari lililokatiwa bima limeendeshwa na mtu asiye na leseni."

"Uani kwetu tu. Mpaka langoni na kurudi. Kwenda mbele nimeshajua kabisa. Kurudi nyuma ndiko kunanishinda."

"Mara ngapi?"

"Alhamisi sita."

Alhamisi sita! Mimi niko kwenye kikundi naelekeza wenzangu namna ya kukata mkono wa shati, na Mzee wangu mwenye miaka sabini na miwili anamzungusha Kobe kwenye kamba za nguo zangu. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, tena mengi, nimeyapanga kwa urefu.

Mkaguzi akaniwahi. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo cha kishkwambi, kimesimama hewani, hakijaenda kulia wala kushoto. Nadhani hata yeye alikuwa hajui kitakwenda wapi. Alipouliza, hakuuliza kama mtu wa bima. Aliuliza kama mjukuu.

"Lakini babu. Kwa nini?"

Mzee hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi. Mkoba ulikuwa bado kifuani kwake, kamba imemzunguka kiganja mara mbili.

"Miaka kumi na moja," akasema, "naupakata huu."

"Baba watoto, si ungesema…"

"Nasema sasa. Sikutaka kwenda mbali. Sikutaka hata watu wanione." Akashusha pumzi. Akanyoosha mikono, akaniwekea mkoba wangu mikononi, juu ya povu. "Nilitaka siku moja, mama watoto, siku moja tu, niendeshe mimi. Wewe ukae pale pembeni, uupakate."